Matanga ya Valborg

Siku Papa Vital aliweka matawi ya mungazi, ule muti wa mawese, kwa njia, mafuta yangu ilikuwa tayari ya moto na ndazi za kwanza ziko ndani. Kwetu huku kila mutu anajua: matawi ya mungazi ikisimamishwa pembeni ya njia, hapo kuna kilio. Hata motard, mutu wa pikipiki, mwenye alikuwa anaenda mbio na wateja wawili nyuma anapunguza mwendo. Niligeuka, nikaona Papa Vital mwenyewe anapiga tawi la pili ndani ya udongo na jiwe. Nikamuuliza: "Papa, nani amekufa?" Akajibu bila kuniangalia: "Ngoja kwanza, Mama Kanyere. Watu wafike."

Sasa weye fikiria. Ile lupango yake, kiwanja chenye ukuta, ina nyumba moja, migomba nyuma, na mutu moja tu ndani yake. Hakuna muke, hakuna mutoto, hakuna hata mujomba wa kuja kuomba chumvi. Kifo itoke wapi?

Mama Solange wa korali ya kanisa alikuwa wa kwanza kufika. Aliona matawi kutoka mbali, akafikiri vile Mudzipela yote, mutaa wetu hapa Bunia, ilifikiri ile asubuhi: pale anakaa Papa Vital peke yake, basi ni yeye amekufa. Akaanza kulia tangu kwa kilalo, ile daraja ya chini. Alifika akajitupa chini mbele ya mulango, "Papa Vital, umetuacha na nani," na Papa Vital akamunyanyua kwa mukono, akamupa kiti. Mimi niligeukia jiko kwa sababu kicheko kilikuwa kinanikaba. Mama Solange hakucheka. Alimuangalia muzee kutoka miguu mpaka kichwa, akapangusa vumbi kwa kitenge, akauliza basi ni nani.

"Meli yangu," Papa Vital akasema. "Valborg. Wameikata."

Niseme kwanza mimi ni nani. Mimi ni mutu wa Butembo. Nilikuja Bunia wakati biashara ya kule iliharibika, na watu wa hapa wanasema siye watu wa Butembo tunapenda biashara kuliko usingizi. Hawadanganyi. Nilipofika Mudzipela, kila pahali kwa njia ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na mukono wazi. Papa Vital peke yake hakuniomba kitu. Alitoka kwa mulango, akaangalia beseni yangu ya unga, akasema naweza kukaa mbele ya lupango yake mpaka nichoke mwenyewe. Neno lake lilikuwa moja: jiko iwe upande wa kushoto ya mulango.

Nilimuambia upande ule moshi itanirudia kwa macho. Akasema: "Kushoto, Mama." Miaka yote tumegombana juu ya ile kushoto. Siku zingine nilikuwa napeleka jiko kulia makusudi, kwa kichwa ngumu tu. Kidogo, naye ametoka, amesimama, mikono nyuma. Anangoja mpaka niirudishe. Muzee wa shida, nilikuwa nasema, na nilisema kwa sauti ili asikie.

Kila asubuhi alinunua ndazi mbili, akakaa kwa bidoni, dumu ya zamani, karibu yangu, akaanza habari ya meli. Nani mwingine angemusikiliza? Watu wetu wanajua ziwa. Wanajua Kasenyi pale pembeni yake, wanajua samaki. Ukiwaambia kuna maji ya chumvi yenye huwezi kuona ng'ambo hata ukienda mwezi muzima, na kuna watu wanalipwa kupima chini yake iko mbali namna gani, wanakuangalia kwa huruma. Vijana wa kijiwe cha pikipiki walimuita Kapiteni. Hakuwa kapiteni hata kidogo, aliosha sahani, na hakuficha. Mimi nilisikiliza juu mikono yangu ilikuwa kwa kazi na masikio haikuwa na kazi ingine. Mara nyingi nilisikia nusu, nusu nilikuwa nafikiria bei ya mafuta.

Muke alikuwa naye, zamani. Honorine. Alikufa hapa Bunia wakati wa vita ya 2003, na bwana yake iko baharini. Amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Hiyo yote niliambiwa na majirani. Yeye mwenyewe hakuwahi kutaja jina lake mbele yangu, na mimi, hata na midomo yangu hii, sikuuliza.

Basi turudi kwa ile siku. Rafiki yake mumoja wa meli, mupishi Mufilipino, alimutumia picha kwa simu. Papa Vital alinionyesha: ufuko wa matope, meli imelala, pua yake imekatwa, unaona vyumba ndani vile unaona nyumba yenye bomu imeondoa ukuta. Walikuwa wameiuza kwa watu wa chuma. "Hii ilikuwa dirisha ya jiko," akasema, akiweka kidole kwa shimo moja nyeusi. Akaomba kwa jirani viti ya plastiki, akafunga bâche, turubai ya bluu, kutoka ukuta mpaka kwa muti wa avoka, akakata mungazi.

Watu walifika wengi, juu habari ilikuwa imekwisha kuenea kwamba Kapiteni amekufa. Walifika na uso wa kilio, wakamukuta marehemu anawapokea kwa mulango, anawashika mukono, anasema asante kwa kufika. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walikasirika. Mama moja mwenye alileta kuni ya kilio aliirudisha kwa kichwa, akaondoka nayo. Mama Solange alisema matanga si kitu ya kuchezea, siku hizi tunazika watu wa kweli, watu wa Ituri wanatoka kwa vijiji vya vita na maiti kwa pikipiki, na huyu muzee analilia chuma. Hakuwa na makosa kusema hivyo. Mwaka haujaisha tangu azike dada yake.

Papa Vital hakubishana. Alinikaribia, akainama, akasema polepole: "Mama Kanyere, ninahitaji mutu wa kusimama kwa historique."

Kwetu, marehemu haendi bila historique. Mutu anasimama mbele ya wote, anasema alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alifanya kazi gani, alisumbuka na nini, na mwishoni anasema ameacha nani. Na mwenye kilio hawezi kuisema yeye mwenyewe. Sauti itamukatikia, na tena haifai. Lazima mutu mwingine mwenye alimujua marehemu.

"Sikumujua," nikamuambia.

"Ni weye tu unamujua. Nimekuambia yote."

"Papa, niko na ndazi kwa moto."

Alitikisa kichwa, akaenda kukaa kwa kiti ya mbele, ile ya mufiwa. Alikuwa amevaa koti, kwa lile jua. Viti nyuma yake ilikuwa inaanza kubaki wazi, moja hapa, mbili kule. Niliona vile itaenda. Saa moja ingine na angekuwa amekaa pale peke yake chini ya bâche, na vijana wa pikipiki wanamupigia picha. Nikageuza ndazi zangu. Zilikuwa zimeungua, zote.

Halafu Papa Athanase akafika. Yeye ni chef d'avenue yetu, mukubwa wa njia hii, mutu wa hapa tangu babu yake, mwenye ng'ombe na mwenye sauti. Siku hizi za vita watu wakijikusanya lazima yeye ajue, na hakuna mwenye alimuambia. Na kilio chote tunafanya mchana, jua likishuka kila mutu anafunga mulango wake. Hakusalimia. Alishika tawi la kwanza, akaling'oa, akasimama nalo mukononi.

"Vital, hii alama ni ya watu," akasema. "Kesho nikiweka matawi kwa mutu wa kweli, nani atasimama? Funga bâche yako."

"Niache wasikie historique yake, chef. Kisha nafunga."

"Nani atasema historique ya bateau, ya meli?"

Watu wakacheka. Papa Vital akaangalia mikono yake. Franchement, kusema ukweli, ni ile kicheko ndiyo ilinisimamisha. Mimi mwenyewe nimemucheka miaka yote, lakini mimi ni jirani yake, ninamucheka na ndazi zangu mbele yake. Wale walikuwa wanamucheka bure. Nikafuta mikono kwa kitenge, nikaingia chini ya bâche na harufu yangu ya mafuta, nikasema: "Ni mimi nitaisema. Na weye chef, ukitaka kusikia, kaa. Kama hutaki, njia ni ile."

Sijui nilitoa wapi ule mudomo. Papa Athanase alibaki amesimama, na tawi lake.

"Marehemu Valborg," nikaanza, "alizaliwa kule kwa Wazungu wa baridi, pahali maji inageuka mawe. Walimubatiza na chupa ya vin, ya divai, kwa pua." Mutu akacheka nyuma. "Cheka tu. Na weye walikumwagia maji kwa kichwa, ukapiga kelele."

Nilishangaa mimi mwenyewe. Ile kitu ilikuwa ndani yangu yote, imepangwa. Nilisema Valborg alikuwa mutu wa jeshi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusikiliza: wanateremusha masikio ya chuma ndani ya maji, wanajeshi wanakaa usiku na mchana, wanasikiliza kama adui anapita chini. Muke wa baharia hakuambiwa bwana yake iko wapi. Anaondoka, anarudi, amenyamaza. Nilisema kisha ule uadui ukapoa, wakamupaka rangi mupya, wakamupa kazi ya kupima chini ya bahari. Anapiga sauti ishuke, anangoja irudi. Kuna pahali inakawia mpaka unaweza kusema nusu ya Baba Yetu. Niliwaambia: chukua njia ya kutoka hapa Mudzipela mpaka kwa rond-point ya kati ya muji, uisimamishe iende chini. Bado haitafika. Sasa hakuna tena mwenye alikuwa anacheka, na motard moja alikuwa amezima moteur.

Nilisema vile aliharibika akaenda Mombasa kutengenezwa, na kule akakutana na mutoto wetu Vital, mwenye alitoka hapa kutafuta kazi. Walimuweka kwa sahani. Baadaye wakamuweka kwa kamba ya chuma, ile inapeleka vyombo chini kabisa, apake mafuta wakati inashuka. Ukianza kuishusha na chai ya asubuhi, inagusa chini watu wanakula saa sita. Ni kazi ya peke yako. Hakuna mwenye alijua Swahili. Papa Vital alikuwa anaongea na kamba, aliniambia mwenyewe, anaisalimia, anaiuliza habari ya chini.

Nilisema Valborg alitafuta ndege yenye ilianguka baharini na watu ndani. Alitafuta mpaka chakula kikaisha, hakuiona. Siku ya kurudi, hakuna mutu kwa meli alitaka kuangalia mwenzake kwa macho, juu kwa nchi kavu familia zilikuwa zinangoja.

"Na siku moja," nikasema, "kati-kati ya bahari ya kusini, akapata panne. Mashine ikasimama, kamba ikasimama, watu wakapumzika siku nzima. Kisha..."

"Haikuwa panne."

Niligeuka. Papa Vital alikuwa bado ameangalia mikono yake. Ile habari ya panne nilikuwa nimeisikia mara nyingi, na kila mara alikuwa anaipita haraka: tulipata panne, tukapumzika, bahari ilikuwa kimya.

"Haikuwa panne, Mama Kanyere. Nimekudanganya." Akavuta pumzi. "Habari ya Honorine ilinifikia imechelewa. Mutu wa kwetu mwenye alikuwa Kampala alipiga simu kwa ofisi ya meli. Kapiteni akaniita, akasema muke wako amekufa, amekwisha kuzikwa. Nikasema merci, asante tu. Nikarudi kwa kamba, juu ilikuwa inashuka, na bila mafuta inaweza kukatika. Mupishi akanifuata. Akaniuliza, kwenu mutu akikufa munafanya nini? Nikamuambia, tunakaa. Akauliza, ni hiyo tu? Nikasema ndiyo. Watu wanakuja, wanakaa na weye."

Papa Vital akaendelea:

"Akaenda zake. Mimi napaka mafuta. Kisha kamba ikasimama. Nikainua kichwa, nikaona wanakuja. Wa mashine, wa kufagia, wale wa masomo na miwani zao, kapiteni nyuma na kofia mukononi. Wakakaa chini kwa chuma, wakanizunguka. Walikaa mpaka jua likaingia maji. Kwa wakubwa wa jeshi, kapiteni alisema kwa radio kwamba mashine ilipata panne."

Mama Solange alikuwa ameweka kitenge kwa mudomo. Lakini mimi nilikuwa naangalia Papa Athanase, juu uso wake ulikuwa umebadilika. Nilikuwa sijui, niliambiwa hapohapo: ni yeye alichimba kaburi ya Honorine.

"Ile siku hapa hakuna mwenye alikaa," akasema. Ile sauti yake kubwa haikuwapo. "Tulimuzika tumeinama, risasi inapita juu ya ukuta. Hatukuimba. Hatukusema hata jina lake. Tulikimbia na jembe mukononi, na tuliporudi kutoka kichakani kulikuwa na wafu wengine."

"Ninajua, chef," Papa Vital akasema. "Sina neno na weye."

"Basi matanga yake ilifanyika kule."

"Kule. Juu ya Valborg."

Papa Athanase alitoka. Tulidhani anaenda kwake. Alienda mpaka kwa njia, akatafuta shimo la lile tawi lenye aling'oa, akalirudisha ndani, akalikanyaga na kiatu mpaka likasimama. Akarudi, akavuta kiti ya plastiki, akaikalia mbele kabisa, karibu na mufiwa. "Endelea, Mama," akaniambia.

Kulikuwa kumebaki kidogo tu. Nilisema Valborg akazeeka, kamba ikapata kutu, wakamufunga kwa bandari, vijana wa jeshi wanajifunzia kwake kufunga vifundo. Papa Vital akapewa tikiti ya kurudi. Halafu nikafika kwa mwisho, pale lazima useme marehemu ameacha nani. Kwa watu wengine hapo ndipo tunachoka: watoto, wajukuu, wakwe wa mbali kule Niania, mashemeji, mutu anapumua kati-kati ya majina. Mimi nikasema: "Valborg anaacha Papa Vital." Na nikakosa neno lingine. Watu walikuwa bado wananiangalia, wanangoja liendelee.

Mama Solange akaanza wimbo, akatuokoa. Tuliimba tatu. Kisha mawingu ikafunga, watu wakaondoka kabla ya mvua, na Papa Athanase alikuwa wa mwisho. Nikabaki kusaidia kupanga viti. Papa Vital alikuwa anakunja bâche, pembe kwa pembe, vile anakunja kila kitu.

"Mama Kanyere," akasema, "siku yangu ikifika, ni nani atasimama? Na kwa mwisho atasema nini?"

Nilikasirika. Nikamuambia aache ujinga, ashike viti mvua inakuja. Nilienda nyumbani na ile hasira, nikapika nayo, nikalala nayo. Hasira ilikuwa kwa sababu sikuwa na jibu, na juu hapa Bunia mimi pia ninakaa peke yangu.

Asubuhi yake nilifika mapema. Niliweka jiko kushoto, sikujaribu kulia. Moto ulikuwa bado unashika, moshi unanirudia, naye akatoka. Hakuomba ndazi. Alikaa kwa bidoni yake, akaweka mikono kwa magoti.

"Hii sasa ni historique yangu," akasema. "Sikia muzuri, maana jana uliruka pahali pawili."

"Wapi niliruka?"

"Sikia kwanza."

Nilidhani ataanza na Mombasa, na sahani, na kamba. Alianza na Honorine. Alisema siku alitoka kwenda kutafuta kazi, Honorine alikuwa amekaa hapa mbele, anakaanga ndazi, jiko yake upande wa kushoto ya mulango. Alimuaga mara ya kwanza, hakuinua kichwa. Alimuaga mara ya pili. Honorine akamuambia aende tu, asimuangalie machozi, ni moshi.

Nilisimamisha mukono juu ya beseni. Unga ulikuwa unanikaukia kwa vidole. Nikamuambia aendelee, ninasikia.